Aliyefichwa ni Amana

Mwaka 1995 mwandishi mmoja wa Marekani, Thomas Perry, alitoa hadithi juu ya mwanamke aitwaye Jane Whitefield, na baadaye akaandika nyingine kadhaa juu yake. Mwanamke huyo ni wa Waseneca, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa kale wa nchi ile, na kazi yake ni ya ajabu. Mtu anayewindwa na wauaji humjia kwa siri; naye humtorosha kwa njia za mzunguko, humpatia jina jipya, karatasi mpya na mji mpya, humfundisha namna ya kuishi huko pasipo kutambulikana, kisha humwacha. Yule mtu wa kwanza hakufa, lakini hapatikani tena duniani.

Watu wanaolala salama husoma vitabu vya namna hiyo ili kupitisha jioni. Sisi wa Masisi na Walikale hatuhitaji kitabu ili tujue mambo hayo. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakaenea upesi mpaka milima ya Masisi, na watu waliokuwa wakioana na kukopeshana mbegu wakawindana kwa sababu ya kabila. Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Watrapisti ya Mokoto wakauawa pale pale walipotumaini kupona. Toka 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010, Luvungi na vijiji vingine vya njia ya Kibua na Mpofi vilivamiwa, na Umoja wa Mataifa ukahesabu watu wasiopungua 387 walionajisiwa kwa nguvu. Januari 2025 Masisi ilitekwa. Machi ya mwaka ule Walikale nayo ikatekwa kwa majuma mawili hivi, na watu wakatoka tena na magodoro kichwani. Katika kila moja ya nyakati hizo palikuwa na mlango uliobishwa usiku, na nje mtu aliyesema kwa sauti ndogo: Nifiche.

Basi twataka kulitazama jambo hili kwa utulivu, kabla mlango haujabishwa, kwa kuwa usiku ule hakuna nafasi ya kufikiri. Nasi twaona jibu lote limefungwa katika neno moja ambalo kila asemaye Kiswahili analijua, neno amana. Mtu akisafiri humwachia jirani mbuzi wake au fedha yake. Jirani huyo ana sheria tatu, na hata mtoto mdogo azijua: asimpe mwizi; asiitumie kama mali yake; na mwenyewe akirudi, aitoe kama alivyoipokea. Mtu aliyefichwa ni amana. Mwenye amana ni Mungu kwanza, kisha yeye mwenyewe, kisha jamaa zake waliobaki. Tuone sheria hizo zatupeleka wapi.

I. Je, ni halali kumficha mtu?

Wako wasemao: Mambo ya kuwindana ni ya wakubwa na ya wenye silaha, mtu mdogo akae kimya nyumbani mwake, asije akahesabiwa upande mmoja. Neno hilo lafanana na busara, lakini Maandiko Matakatifu hayalipi nguvu. Farao alipoamuru watoto wa kiume wa Waebrania wauawe, wakunga Shifra na Pua hawakutii, na Mungu akawatendea mema. Malkia Yezabeli alipowaua manabii, Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme mwenyewe, aliwaficha manabii mia, hamsini katika pango moja na hamsini katika jingine, akawalisha mkate na maji. Tena Atalia alipoangamiza uzao wa mfalme, Yehosheba alimwiba mtoto Yoashi kutoka kati ya waliokuwa wakiuawa, akafichwa hekaluni miaka sita. Mtume Paulo alishushwa ukutani Damasko ndani ya kapu. Na Bwana wetu alipokuwa mtoto mchanga alichukuliwa usiku mpaka Misri, kwa sababu Herode alikuwa akimtafuta amwue.

Tazameni kwamba katika hao wote hakuna askari. Ni wakunga, mtumishi wa jumba, shangazi, seremala na mkewe. Amri ya tano haisemi tu kwamba tusiue kwa mkono wetu. Yatuagiza pia, kadiri tuwezavyo, tusiache mtu auawe mbele yetu. Kwa hiyo kumficha asiye na hatia ni zaidi ya halali: kwa yule awezaye, ni wajibu.

II. Na wakiuliza, tujibu nini?

Hapa ndipo dhamiri nyingi huhangaika, na si dhamiri za wajinga. Wawindaji wamefika. Wauliza: Yuko humu? Nawe ndiwe uliyefundishwa tangu utoto amri ya nane, kwamba usiseme uongo. Utasema nini?

Yafaa tuseme kweli juu ya walimu wetu: wakubwa kati yao walikuwa wakali. Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake juu ya uongo, alichoandika yapata mwaka 395, alifundisha kwamba uongo hauwi halali kamwe, hata kwa kuokoa uhai. Naye alitoa mfano wa Firmus, askofu wa zamani wa Thagaste, mji alikozaliwa Agostino mwenyewe. Firmus alikuwa amemficha mtu. Watu wa Kaisari walipokuja kumtafuta, aliwaambia kwamba hawezi kusema uongo, wala hawezi kumsaliti mtu yule. Wakamtesa vikali, asiseme lolote zaidi. Mwisho wakampeleka kwa Kaisari, naye akastaajabia uthabiti wake, akamsamehe yule aliyefichwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye alishika kwamba si halali kusema uongo ili kumwokoa mtu, ila yaruhusiwa kuificha kweli kwa hekima.

Wengine walifundisha tofauti kidogo, wakisema kwamba kweli ni deni, na deni halilipwi kwa asiyedai kwa haki. Jambo hili halijafungwa hata leo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ilipotoka mwaka 1992, katika kueleza uongo ilisema ni kumpoteza mtu mwenye haki ya kuijua kweli. Mwaka 1997, maandishi yaliposahihishwa, maneno hayo ya haki yaliondolewa. Lakini mahali pengine katika Katekisimu hiyo hiyo pamebaki fundisho kwamba hakuna aliye na wajibu wa kumfunulia kweli mtu asiye na haki ya kuijua. Basi wenye elimu wataendelea kupimana. Sisi twaomba tu jambo moja lionekane wazi: katika hao wote, wakali na wapole, hakuna hata mmoja aliyesema: Mfungulie, mtoe.

Tena kuna jambo ambalo mtu wa Masisi alijua kuliko mtu wa vitabu. Firmus alikuwa askofu, mtu mwenye cheo, mbele ya watumishi wa serikali. Mama wa kijijini amesimama mbele ya kijana mlevi mwenye bunduki. Kwake kunyamaza ni kusema. Akinyamaza, kijana ataingia. Na yule kijana haulizi ili ajue, anauliza ili aue. Maneno "Yuko wapi?" kinywani mwake ni panga lililokwisha kuinuliwa. Mwizi akikuuliza amana ya watu iko chini ya kitanda gani, humpi hesabu ya kitanda.

Huko Rwanda, mwaka 1994, katika Ruhango, bibi mmoja mganga, Zura Karuhimbi, aliwaficha watu zaidi ya mia nyumbani mwake. Hakuwa na silaha yoyote. Lakini watu walimdhani kuwa mwenye uchawi, naye akaitumia hofu yao. Alipaka mlangoni majani yawashayo ngozi, akatikisa bangili zake, akawaonya wauaji kwamba wakiingia mizimu itawashukia. Wakaogopa, wakaenda zao. Alikufa mwaka 2018, akiwa mzee sana. Sisi makatekista hatufundishi watu kutumainia mizimu, wala yeye hakuitumainia: alijua vema kwamba ndani mlikuwa na watu tu. Tumhesabu pamoja na Rahabu wa Yeriko, ambaye Waraka kwa Waebrania wamsifu kwa imani yake, ingawa aliwapoteza njia askari wa mfalme. Mtakatifu Agostino alieleza kwamba Rahabu alisifiwa kwa ajili ya wema wake wala si kwa ajili ya uongo wake. Iwe hivyo. Lakini mama aliyesema "Hayumo", na kwa neno hilo mtu akapona, asilie usiku akidhani kwamba Mungu amemkataa.

Lakini tuongeze onyo. Neno lililosemwa mlangoni kwa ajili ya uhai lisiwe mazoea ya kila siku. Twajua watu waliojifunza wakati wa vita kubadili jina kwa kuokoa roho, na baada ya vita wakaendelea kulibadili kwa kupata unga wa wakimbizi mara tatu. Wa kwanza alishika amana; wa pili ameiba chakula cha mjane aliyesimama nyuma yake katika mstari.

III. Na watoto wangu je?

Neno zito kuliko lile la uongo ni hili. Mtu aweza kutoa uhai wake mwenyewe. Je, aweza kuuweka hatarini uhai wa watoto wake sita?

Ng'ambo ya mpaka wetu, mjini Gisenyi, alikuwako Felicitas Niyitegeka, mwanamke aliyejiweka wakfu kwa Mungu, ambaye aliongoza nyumba ya Mtakatifu Petro. Yeye alikuwa Mhutu. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, aliwapokea Watutsi nyumbani mwake, na wengine akawasaidia kuvuka mpaka usiku mpaka Goma. Kaka yake, aliyekuwa kanali wa jeshi, alitaka kumwokoa yeye peke yake. Alikataa kuwaacha watu wake. Tarehe 21 Aprili walichukuliwa wote pamoja wakauawa makaburini. Taifa lake limemwandika katika mashujaa wake, nasi twamtaja kwa heshima.

Lakini Felicitas hakuwa na watoto mgongoni. Tukimwambia kila mama wa Masisi, Fanya kama Felicitas, twamtwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuushiki kwa kidole. Twasema hivi: hakuna anayeamriwa kuwa shahidi wa damu kabla Mungu hajamwita, wala hakuna aliyepewa ruhusa ya kuwa msaliti. Kati ya shahidi na msaliti pana nafasi kubwa, na humo ndimo wengi wetu tumewekwa. Asiyeweza kumlaza mgeni aweza kumpa viazi na maji. Asiyeweza kumpa chakula aweza kumwonyesha njia isiyo na barieri. Mwingine aweza kumwongoza mpaka mtoni kabla ya mapambazuko, na mwingine kumpokea ng'ambo. Na yule asiyeweza lolote kati ya hayo aweza kutoona.

Katika hadithi za Marekani mwanamke mmoja hufanya yote peke yake: yeye ndiye njia, yeye ndiye karatasi, yeye ndiye siri. Katika vijiji vyetu mtu wa namna hiyo angekamatwa juma la kwanza. Hapa mtu hupona kwa sababu wengi wamefanya kidogo, kila mmoja akijua nyumba inayofuata tu. Hata Irena Sendler, Mkatoliki wa Poland, aliyesaidia kuwatoa watoto wa Kiyahudi wapatao 2,500 katika mtaa waliofungiwa mjini Warszawa, wakati Wajerumani walipoitawala nchi hiyo, hakuwatoa peke yake. Alikuwa na wenzake wengi, na konventi za masista, na nyumba za watu wa kawaida. Alipokamatwa Oktoba 1943 na kuteswa, hakutaja mtu.

Kwa hiyo yatupasa kujifunza kunyamaza tangu sasa. Siri nyingi hazifi kwa mateso, zafa kwenye kasiksi. Mwanamume aliyetenda wema mkubwa usiku hutaka wenzake waujue mchana. Asema nusu ya neno, mwenzake amaliza nusu ya pili, na kabla ya Jumapili mtu ameuawa. Tena mume asimwingize mgeni pasipo mkewe kujua, wala mke pasipo mumewe, kwa kuwa hatari ni ya nyumba yote na ni haki ya wote wawili kuipima. Na watoto wasipewe jina la kulibeba ambalo kinywa chao hakiwezi kulishika.

IV. Na ikiwa aliyefichwa ana damu mikononi?

Mpaka hapa tumesema juu ya asiye na hatia. Lakini vita vyetu havikututenga hivyo, hawa weupe, hawa weusi. Katika hadithi ile ya kwanza ya Perry, mwanamke wetu anamsaidia mtu mmoja kwa moyo wote. Kumbe yule ndiye mwuaji, naye anamtumia ili amfikie mtu mwingine ambaye mwanamke huyo alikuwa amemficha zamani. Kwa kuingiza mmoja, amempoteza mwingine. Yafaa tukumbuke hayo, maana huruma isiyouliza yaweza kuwafungulia wawindaji mlango wa nyuma.

Kwetu jambo hili lina sura ya mtoto. Wengi wametoka msituni wakiwa na miaka kumi na miwili, kumi na minne: makadogo waliochukuliwa shuleni au njiani, wakapewa bunduki. Wako wanaopokewa katika vituo vya Goma, kama vile vya shirika la CAJED, na wengine katika nyumba za watu wa kawaida wanaokubali kuwalea mpaka jamaa zao wapatikane. Makundi hayapendi kuachwa. Wapo watoto waliorudishwa msituni kwa nguvu mara ya pili. Basi mtoto huyo amelala nyumbani kwako. Wanaomtafuta ni wa namna mbili: kamanda wake wa zamani, atakaye kumrudisha au kumwua, na jirani yako, ambaye ndugu yake aliuawa na kundi lile, naye amemtambua mtoto kisimani.

Juu ya kamanda hatuna shaka. Kuwaandika askarini watoto wasiotimiza miaka kumi na mitano ni kosa la vita. Kwa kosa hilo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri mwaka 2012. Anayekuja kudai mtoto wa namna hiyo ni mwizi anayedai kile alichoiba.

Juu ya jirani, jambo ni gumu, kwa kuwa machozi yake ni ya haki. Tutazame tena sheria ya Musa. Mungu aliwaagiza Waisraeli watenge miji sita ya makimbilio, ili mtu aliyeua bila kukusudia akimbilie huko, mlipiza kisasi asimpate. Lakini mji ule haukuwa mahali pa kusahauliwa. Aliyekimbilia alisimamishwa mbele ya mkutano, mambo yake yakasikilizwa. Akionekana aliua kwa kukusudia, mji haukumlinda. Hiyo ndiyo njia yetu pia. Twamficha mtu ili kisasi kisimpate. Hatumfichi ili hukumu ya haki isimpate. Mtoto aliyelazimishwa, hukumu yake yapasa kuwa shule, na toba, na kuongozwa taratibu mpaka kwa wale waliofiwa, kwa mkono wa wazee na wa padri, siku itakapowezekana. Jirani aambiwe: Hatukufichi kweli, twakuzuia usiwe mwuaji.

Na mtu mzima aliyeongoza mauaji? Huyo akija, ahifadhiwe na panga la kundi la watu, lakini apelekwe penye baraza la haki. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyetisha Walikale kwa miaka mingi, na ambaye watu wa kundi lake walikuwa katika uvamizi wa Luvungi, alijitoa mwaka 2017 kwa askari wa Umoja wa Mataifa, hakuuawa njiani, mahakama ya kijeshi ilimsikiliza mjini Goma na kumhukumu kifungo cha maisha Novemba 2020. Watu wa Luvungi walipata hivyo kitu ambacho kisasi kisingewapa: kusimama na kusema yaliyowapata, na kusikilizwa.

Na kanuni moja ndogo kwa kila nyumba: mtu hupokewa, silaha haipokewi. Atakaye kuingia pamoja na bunduki yake haji kujificha. Tena ajihadhari kila mtu na wale wanaouza maficho, wanaodai shamba au binti kwa kumvusha mtu barieri. Kula jasho la mtu anayekimbia ni kuivunja sheria ya pili ya amana.

V. Kurudisha

Tumefika kwenye sheria ya tatu, nayo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Mtu akiokoka, twadhani kazi imekwisha. Haijaisha.

Jane Whitefield huwapa watu wake jina jipya, na la zamani huzikwa. Huenda katika nchi ile kubwa mtu aweza kuishi hivyo. Kwetu mtu ni jina lake, na jina ni la ukoo: ni babu aliyelibeba, ni kilima alikozaliwa, ni lugha ambayo mama alimwimbia. Mtoto wa Kihunde aliyefichwa kwa Wanyanga, au mtoto wa Kitutsi aliyefichwa kwa Wahunde, au wa Kihutu kwa Watembo, alifundishwa kusema kama wenyeji wake, kujibu jina lisilo lake, kusahau nyimbo. Ilipasa, maana lugha moja iliyokosewa barierini ingemwua. Miaka ikapita. Sasa mtoto asema kama wenyeji wake, awaita baba na mama, na wanampenda. Je, nani atamwambia?

Irena Sendler alilifikiri jambo hilo tangu siku za hatari. Yeye na wenzake waliandika majina ya kweli ya watoto pamoja na majina yao ya kubandikwa, na orodha zile zikazikwa ardhini ndani ya chupa, ili vita vikiisha kila mtoto arudishwe kwa watu wake. Wazazi wengi hawakurudi kamwe. Hata hivyo jina lilikuwa limelindwa.

Tuweke kando yake habari nyingine, ya kusikitisha, nayo ni ya Wakatoliki wenzetu. Katika Ufaransa, mwaka 1944, wazazi Wayahudi wa jina la Finaly walikamatwa karibu na Grenoble, wakapelekwa kufa Auschwitz. Watoto wao wawili, Robert na Gérald, waliokolewa na kulelewa na Antoinette Brun, mwanamke Mkatoliki. Aliwaokoa kweli, kwa hatari ya maisha yake, na sifa hiyo haiondoki. Lakini vita vilipokwisha shangazi zao waliwadai, naye akakataa. Mwaka 1948 akawabatiza. Na baraza lilipoamuru warudishwe, watu wa kidini wakasaidia kuwaficha tena, mwaka 1953, wakavushwa mpaka Hispania. Ilikuwa aibu kubwa, mpaka walipotolewa Juni mwaka ule na kwenda kwa jamaa zao katika Israeli. Mlango ule ule uliofungwa mbele ya wauaji ulifungwa sasa mbele ya shangazi. Upendo ulioshika amana uligeuka, pasipo kujijua, ukawa upendo unaoiba.

Tusiwahukumu upesi, kwa sababu kishawishi hicho kimo katika nyumba zetu pia. Mtoto uliyemlisha miaka kumi, ukamwuguza, ukamwogopea kila gari lililopita, ni vigumu kumwambia: Wewe una watu wengine. Lakini hakuwa wako. Na mtoto akiisha kujua, akachagua kubaki nawe, basi atakuwa amebaki kama mwana, si kama kitu kilichofichwa.

Hata mabaraza ya haki yanalijua jambo hili. Katika kesi za unajisi hapa Kivu, wanawake mashahidi wameingia wamefunikwa nyuso, wakiitwa kwa alama badala ya jina. Jina lao hufichwa kwa muda ili kweli yao isikike, nao waweze kurudi kijijini na kuitwa tena na wajukuu kwa jina lile lile. Hufunikwa kwa ajili ya kurudi.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, twatoa mashauri haya kwa nyumba yoyote iliyompokea mtu. Jina lake la kweli, la baba yake na la kilima chake, liwekwe na mtu mmoja mwaminifu, mbali na nyumba, mahali ambapo msako haufiki. Ikiwa alibatizwa, kumbukeni kwamba jina lake limo katika kitabu cha parokia fulani. Lisibadilishwe kwa ubatizo wa pili, ambao hata hivyo si kitu. Ikiwa mtoto si wa dini yetu, woga wake usitumiwe kumfanya mkristo; watu wake waulizwe kwanza, nao wasipopatikana, angojewe mpaka aweze kuchagua mwenyewe. Siku moja moja, usiku, aambiwe polepole yeye ni nani, ili asije akaambiwa na adui kwa matusi. Na njia ikifunguka, atafutiwe watu wake, hata kama ni watu ambao kijiji chetu hakiwapendi.

Hilo la mwisho ndilo lililo gumu kuliko yote katika Masisi na Walikale. Kumficha mtu wa kabila jingine usiku mmoja, wengi wamefanya. Kumshika mkono mchana, mbele ya wote, mpaka kwa jamaa zake ambao labda waliwahi kututenda vibaya, na kusema, Huyu ni wenu, tulimtunza, ni wachache waliofanya. Lakini jirani aliyeachiwa mbuzi hasemi kwamba amekuwa mwaminifu mpaka mbuzi amerudi kwa mwenyewe.